Imekwenda au haijaenda?

Jana nimeshinda soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, nimekaa pembeni ya mama mmoja muuza dagaa nikimtazama anavyotumia programu ya oda niliyoitengeneza. Sikumwelekeza chochote. Nilitaka kuona tu.

Jua limepiga kwenye kioo cha simu, vidole vina vumbi la dagaa, wateja wanamwita huku na huku. Akabonyeza "Wasilisha". Kimya. Mtandao ulikuwa unasuasua, na mimi sikuweka alama yoyote ya kuonyesha kwamba oda iko njiani. Akabonyeza tena, na tena. Oda moja ikawa tatu. Akanigeukia: "Mwanangu, imekwenda au haijaenda?"

Swali hilo ndilo kanuni ya kwanza kati ya zile 10 za kutengeneza programu zilizo rahisi kutumia, alizotoa mtaalamu Jakob Nielsen mwaka 1994: mfumo umwonyeshe mtumiaji kinachoendelea, na kwa wakati. Naijua kwa kichwa miaka yote. Kuiona usoni mwa mtu ambaye hela yake iko hatarini kumeniuma kweli.

Halafu vipimo. Niliandika kilo, yeye anauza kwa debe na gunia, kwa hiyo kila oda anaanza kupiga hesabu kwenye karatasi.

Usiku sikulala mapema. Kitufe sasa ni kikubwa, kinasema "Tuma", ukikibonyeza kinajifunga na kuandika "Inatumwa", kisha "Imefika". Debe na gunia vimeingia. Jumamosi narudi Mwaloni, nakaa palepale pembeni yake.