Mchungaji mkali, mpenzi mkombozi
Filamu za mapenzi ya jinsia moja zikigusa dini, mchungaji huwa mkali na mpenzi asiye na dini huja kama mkombozi. Latter Days ya 2003 ilimpa kazi hiyo kijana mpenda starehe wa Los Angeles, mbele ya mmisionari Mmormoni. Kasoro iko kwenye mswada: imani inaonekana kwa makatazo tu. Ukiweka hadithi yako Kirumba au Igoma, jijini Mwanza, mwonyeshe mhusika akiimba kwaya, akifunga, akisali peke yake, kabla hajapenda. La sivyo mtazamaji hajui mhusika anapoteza nini. Baba mkali? Amechosha. Boy Erased (2018) angalau inampa mama wa mhusika mkuu, mke wa mchungaji wa Kibaptisti, nafasi ya kubadilika.