Namna tulivyolirudisha gari la shule kijijini kwetu

Kijiji chetu kiko wilayani Muheza, mkoani Tanga, kilomita nne kutoka barabara ya lami, na katikati pana mteremko wa udongo mwekundu ambao wakati wa masika huteleza kama uliopakwa sabuni. Nilipomwandikisha binti yangu darasa la kwanza katika shule ya binafsi iliyoko mjini, nilielezwa kwamba gari la shule lingemfuata hadi kijijini, na kwa ahadi hiyo nikalipa ada ya usafiri ya muhula mzima, shilingi 280,000, fedha niliyoipata kwa kuuza machungwa. Januari na Februari gari lilikuja vizuri. Mvua za Machi zilipoanza likaacha kushuka, pasipo barua wala simu. Asubuhi ya kwanza tulilisubiri gizani hadi saa 12 kasoro, ndipo kijana wa bodaboda akatuambia kwamba limekwisha kupita lamini.

Tangu siku hiyo watoto 11 wa kijiji chetu walilazimika kutoka majumbani mwao kabla ya saa 10:30 alfajiri na kutembea kwa mwanga wa tochi za simu, viatu wameviweka kwenye mifuko ili wavivae wakishafika barabarani. Asubuhi moja nilichuchumaa kumfuta binti yangu tope katikati ya vidole kwa upindo wa kanga, naye akasinzia palepale amesimama, kichwa kimeniegemea begani na mkononi bado ameshika soksi moja. Niliporudi nyumbani sikuweza kushika kazi yoyote.

Baadhi ya wazazi walishauri tuwapakie bodaboda kwa mishikaki, watatu watatu, na wengine wakataka tukodi Noah ya jirani ambayo ingewabeba wote 11 kwa safari moja. Nilikataa yote mawili, ingawa nilijua kwamba wenzangu walisema hivyo kwa kuchoka. Jumamosi iliyofuata nilimwendea dereva wa gari la shule, kijana mwenye adabu, nikamwuliza kwa nini hashuki. Akanijibu, "Shikamoo, mama. Mimi nikishuka pale mvua ikiwa imenyesha, kupanda tena ni kudra ya Mungu, na humo ndani nimebeba watoto wa watu." Sikuwa na neno la kumjibu. Mei 2017, kule Rhotia wilayani Karatu, gari lililobeba wanafunzi lilitumbukia katika korongo la mto Marera kukiwa na mvua, wakafa wanafunzi 32 pamoja na watu wazima waliokuwa nao, na hakuna mzazi nchini aliyesahau picha za yale majeneza. Dereva anayeogopa mteremko ndiye dereva ninayemtaka.

Kwa hiyo nilitambua kwamba madai yetu yalikuwa yameelekezwa pasipo pake. Kosa halikuwa gari kutoshuka. Kosa lilikuwa kutotuarifu, kutufanya tulipie kilomita ambazo gari haliendi, na kuwaamsha watoto usiku wa manane. Nilinunua daftari, na kwa majuma matatu nikaandika kila siku saa tuliyofika lamini, saa gari lilipofika, na kwa kumwuliza binti yangu, saa waliyoingia shuleni. Daftari hilo ndilo lililofumbua jambo ambalo hatukulijua: watoto wetu walikuwa wakifikishwa shuleni saa 12:15, madarasa yangali yamefungwa, kwa sababu gari lilikuwa likifanya mizunguko miwili, wa kwanza wa vijijini na wa pili wa watoto wa mjini wanaokaa karibu. Waliotoka mbali ndio waliochukuliwa mapema zaidi, kisha wakakaa barazani zaidi ya saa nzima wakingoja wenzao.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, wazazi tisa tukatia sahihi, tukaambatanisha nakala za daftari na kuomba kikao. Sitaki kuficha kwamba kikao cha kwanza kilikwenda vibaya. Tuliambiwa kwamba anayeona usafiri haumfai ana hiari ya kumhamishia mtoto bweni, na mtoto mwenyewe ana miaka saba. Katika kikao cha pili tulimwomba mwenyekiti wa kijiji atusindikize, na safari hii hatukulalamika, bali tuliweka mezani mapendekezo matatu. Mzunguko wa mjini utangulie, wa kwetu ufuate, watoto wetu wachukuliwe saa 12:10. Siku za mvua kituo kiwe kwenye duka lililoko lamini, ambalo mwenyewe alikubali watoto wajihifadhi barazani kwake, na mhudumu wa gari atume ujumbe mapema kwa mzazi wa zamu. Tatu, miezi ambayo gari haliwezi kushuka ada ipunguzwe. Mawili ya mwanzo yalikubaliwa siku ileile. La ada lilichukua muhula mzima, na tukaishia kupunguziwa shilingi 40,000, kiasi ambacho bado naona hakitoshi.

Upande wetu tuliahidi kuushughulikia mteremko. Mvua zilipokatika mwenyekiti aliitisha msaragambo, na kwa Jumamosi nne mfululizo tulisomba mawe kutoka mtoni, tukayashindilia katika sehemu mbili zilizokuwa zikinasa magurudumu, tukachimba mtaro wa kupitishia maji pembeni. Dereva alikuja kuutazama kwa miguu kabla ya kukubali kulishusha gari, jambo lililonipa imani naye zaidi.

Zamu ya kuwasindikiza watoto hadi dukani tunaiendeleza, yangu ikiwa Jumanne. Masika ya mwaka uliofuata gari lilishindwa kushuka siku sita, na siku zote sita ujumbe ulitufikia kabla ya saa 11, binti yangu akiwa bado amelala.