Jinsi nilivyomaliza mgongano wa zamu na magari

Kila asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, ilikuwa madereva wawili, kirikuu (kipikapu cha mizigo) moja, na mzigo wa Buhongwa unaungua jua. Nilijaribu kundi la WhatsApp. Maagizo yakazama kwenye salamu. Nikaongeza dereva, zogo likazidi.

Dawa ilikuwa kugeuza ratiba: mstari mmoja kwa kila gari, si kwa kila dereva. Kisha nikafuta saa ya kutoka, nikaandika saa ambayo ufunguo unarudi msumarini, gari likiwa limeshaoshwa na lina mafuta. Kuosha ndiko kulikokuwa kunatukwamisha: gari lililobeba dagaa wa soko la Mwaloni halipakii mikate papo hapo (wateja wana pua!). Sasa mikate hutangulia, dagaa hufuata. Safari ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa, naipa muda wa ziada, ingawa daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko.