Nilivyorudi kusoma vitabu, na mwisho ambao baba alinihadithia

Shule nilikua msomaji sana, afu nikaacha kabisa. Sikupanga, ni maisha tu, kazi, mtoto, na simu. Miaka kama sita sijamaliza kitabu hata kimoja, yani naanza vizuri, nafika ukurasa wa kumi na mbili mkono unaenda wenyewe kwenye simu, nakuja kushtuka bando limekata na kitabu kimedondoka uvunguni. Iliniuma kwa sababu najua raha yake, sio kwamba sijawahi kuionja.

Mwezi wa pili mwaka huu nikasema basi. Nauza vitenge Kariakoo na naishi Mbagala, kwahiyo kwenye daladala asubuhi ni saa zima na jioni foleni ikikaza hata mawili, na muda wote huo nilikua naupoteza kwenye video za watu wanaopika pilau. Nikaanza na simu, naizima data nikitoka nyumbani naitumbukiza chini kabisa ya pochi, chini ya lanchi boksi, ili kuitoa iwe kazi. Afu nikatafuta kitabu kinachoniburuta chenyewe, mana nilijijua, ukinipa kitabu kizito siku ya kwanza nasinzia.

Mzee mmoja anaepanga vitabu vya mitumba chini kwenye turubai maeneo ya Posta akanipa Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba kwa buku tatu. Jalada limebandikwa selotepu, kurasa zimekua rangi ya chai ya maziwa, na mtu wa zamani kaandika kwa kalamu ya bluu pembeni, "Hapa Willy ajihadhari". Kwa wasiomjua, Willy Gamba ni mpelelezi wa Tanzania, na humu anaingia Kinshasa, enzi hizo nchi inaitwa Zaire, kisa kinahusu wapigania uhuru wa kusini. Jamani, nilipitiliza kituo siku ya pili tu! Konda anapiga kelele Rangi Tatu mwisho wa gari, mimi niko Kinshasa.

Kinachonifanya nimpende Musiba ni kwamba hatari anayoandika haikua ya kutunga yote. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikua na makao yake hapahapa Dar tangu 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikua wanaishi na sisi, na wengine waliuawa kweli, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi cha kitabu hapahapa Dar mwaka 1969. Ukisoma Willy Gamba ukiwa unajua hilo, mkono unatoka jasho. Ila nisifiche, wanawake wa Musiba wananichosha, karibu kila anaeingia ni mrembo kupita kiasi na nusu yao kazi yao kumtega Willy. Hapo Ben Mtobwa kanifurahisha zaidi, kwenye Tutarudi na Roho Zetu? mpelelezi wake Joram Kiango anaenda kuwakabili makaburu akiwa na Nuru, na Nuru ana akili yake na moyo wake, sio pambo. Nilijikuta namwogopea Nuru kuliko Joram.

Sasa mkasa. Nafika mwishoni mwa Kikosi cha Kisasi, moto umewaka, nafunua, hamna. Kurasa za mwisho zimechanika, umebaki uzi. Nilitaka kulia kwenye daladala. Kesho yake mzee wa turubai akaniambia hana nakala nyingine. Usiku nikampigia baba, yuko Tabora, alikua fundi wa reli na nilikua naskia zamani kwamba walikua wanapokezana vitabu hivi zamu ya usiku.

"Baba shikamoo. Unamkumbuka Willy Gamba?"

"Marahaba mama. Willy! Namkumbuka kama jana."

Akanihadithia mwisho wote, dakika ishirini na kitu, nani aliingia wa kwanza, nani alipigwa, Willy alisema nini, mpaka na milio ya bastola akaniwekea kwa mdomo. Baba yangu sio mtu wa maneno, tangu mama afariki tukiongea ni afya, hela, mvua, basi. Usiku ule aliongea mpaka salio langu likakata akanipigia yeye.

Wiki tatu baadae nikapata nakala nzima kwa mwanamama mmoja tunaepanda nae gari. Nikaenda moja kwa moja mwisho. Haukua ule wa baba. Majina yalikua yenyewe lakini mambo yalivyoenda hayakua vile alivyonihadithia, na alinihadithia bila kusitasita hata mara moja.

Hilo jambo likanikaa sana, na ndo likanihamishia kwenye vitabu vya maisha ya watu, mana nilianza kujiuliza, kama baba hakunidanganya na bado haikua hivyo, hawa wanaotuandikia maisha yao wanafanyaje? Nikajipangia, daladala ni upelelezi, usiku mtoto akilala ni kumbukumbu za mtu.

Cha Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, kilichotoka 2021, kinasomeka kama babu anakuongelesha barazani, Kiswahili chake kitamu mno. Pale anapogusa kujiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya sabini, sababu ya watu waliouliwa mikononi mwa dola huko Mwanza na Shinyanga wakati yeye binafsi hakuua mtu, niliweka kitabu chini nikatulia. Cha Mkapa cha 2019, kile cha Kiingereza, kilinitesa kidogo, nilienda nacho kurasa tano tano na dikshonari, ni mtu mkali anaandika kwa mkato. Anayataja mauaji ya Pemba ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji yeye akiwa rais, na anakiri yanamsumbua, na namheshimu kwa hilo, ila nilitaka akae pale zaidi. Mimi msomaji pale ndo nilikua nimeinama kabisa kusikiliza, na yeye akasonga mbele kwenye mambo ya uchumi.

Shaaban Robert ndo alinivunja. Maisha Yangu ni kitabu kidogo, unakimaliza siku mbili, halafu anafiwa na mkewe Amina na shairi analomwandikia nimelisoma mara sijui ngapi, nimelisoma kwa sauti jikoni nikimfikiria baba. Hasemi sana. Mtu alieajiriwa ukarani forodhani, mjane mwenye watoto, anakaa anawaandikia wanae tenzi za kuwaasa waishije. Mimi baba hakuniandikia utenzi, ila alinipa mwisho wa Willy Gamba.

Halafu kuna John Kiriamiti wa Kenya, nilimpata mwisho na ndo kavichanganya vyote viwili. Alifungwa 1971 miaka ishirini kwa ujambazi, akaandika My Life in Crime akiwa gerezani Naivasha, kikatoka 1984, na mhusika kampa jina Jack Zollo. Kinakimbia kuliko Willy Gamba, kumbe ni maisha ya mtu. Nilisoma usiku mmoja mpaka saa nane. Kasoro yangu kwake ni kwamba anapoeleza wizi ulivyopangwa unaona macho yanavyomng'aa, walioibiwa hawana sura, wanapita tu. Ningependa nimwone hata mmoja wao.

Mpaka sasa nimemaliza vitabu kumi na moja. Kwa anaetaka kujaribu, mimi kilichonisaidia ni kuanza na kinachokimbia, na kutojilazimisha, kitabu kikinishinda hadi ukurasa wa hamsini narudisha bila aibu.

Likizo nikaenda Tabora na ile nakala nzima. Sikumwambia kitu, nilimpa tu. Baba akavaa miwani, akakaa mlangoni kwenye mwanga, akaruka mpaka mwisho kama nilivyofanya mimi, akasoma polepole kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akafunga, akakishika jalada muda mrefu.

"Hii wameibadilisha mama," akasema. "Tuliyosoma sisi na marehemu Saidi zamu ya usiku haikua hii."

Nikamwambia basi nihadithie tena ile yenu, na safari hii nikatoa daftari.