Mizani alivyopanda lori lisilo lake

Mzee niliyekuwa naye kwenye lori alikuwa haongei. Sio kwamba tuligombana, ndivyo alivyo tu. Nilipoanza utingo kwake mwishoni mwa 2017 nikajua nimemkosea kitu, maana ile safari ya kwanza Dar mpaka Tunduma, kilomita 900 na ushee, maneno aliyoniambia hayafiki 20 na mengi yalikuwa "shuka" na "panda". Shikamoo anaitikia kwa kidevu. Ukikaa kwenye kabini na mtu wa hivyo kuanzia Mbezi mpaka Mikumi unaanza kusoma vibao vya barabarani kwa sauti ili usikie mtu anaongea.

Paka tulimpata Vigwaza. Tuko kwenye foleni ya mizani ya kupimia malori, mama mmoja anapita anauza mayai ya kuchemsha, nikanunua mawili, kufunua ndoo kumbe kwenye kanga pembeni kuna katoto ka paka kamelala. Akaniambia mwanangu chukua huyu, nyumbani kuna wengine wanne, nitawapeleka wapi. Nikamgeukia mzee. Nilijua atanikatalia ila safari iliyopita panya walitutafunia waya tukazimikiwa taa za nyuma usiku pale Chimala ikabidi tulale. Mzee akamwangalia yule paka, akasema "panya", akarudisha macho mbele. Nikaelewa hiyo ndio ruhusa. Nikamwita Mizani kwa sababu tulikuwa mizani, sikufikiria zaidi ya hapo.

Mizani alikua ndani ya lori, nyumba ya kukaa sehemu moja hakuwahi kuijua. Dumu la lita 5 nililikata nikaweka mchanga likakaa chini miguuni kwangu, chakula chake dagaa na ugali tunaokula wote. Mikumi akiona nyani barabarani anavimba mkia mpaka unafanana na brashi ya kuoshea chupa. Mlima Kitonga analala, sijui ni ule mngurumo wa gia ya chini au vipi, tukianza kupanda tu na yeye keshajikunja juu ya dashbodi. Mafinga kule kwenye baridi anaingia ndani ya koti la mzee, sio langu, la mzee, na mzee anajifanya hajaona.

Sasa kama safari ya tatu hivi, tumetoka Iringa, mzee akafungua mdomo. "Mizani, mwambie huyo kijana tairi la nyuma kulia halijakaa sawa." Nikageuka nikamtazama, yeye macho barabarani. Nikaona isiwe tabu, nikasema Mizani mwambie mzee tukisimama Makambako nitaliangalia. Akaitikia kwa kidevu.

Tangu hapo ikawa ndio lugha yetu. Mizani mwambie kijana chai imezidi sukari. Mizani mwambie mzee sukari alitia mwenyewe. Mpaka mambo makubwa, siku aliyofiwa na dada yake niliambiwa kupitia paka. "Mizani, leo mimi sina raha, dada yangu amefariki." Nami nikampa pole hivyo hivyo, namtazama paka. Najua mtu akisikia atasema hawa hawana akili nzuri. Tuliokaa kabini tunaelewana.

Hii ninayotaka kuisimulia ilikuwa 2018, mwezi wa tano. Tuna salfa ya kupeleka Lubumbashi huko Kongo kwenye migodi, yale magunia ukiyakaribia pua inawasha, Mizani alipiga chafya kuanzia bandarini mpaka Chalinze. Tukafika Tunduma foleni imetoka mpakani huko imerudi nyuma mpaka nikachoka kuhesabu, tukakaa siku 6. Foleni ya hivyo inakuwa kijiji. Watu wanafua, wananyoana, wanacheza drafti kwa vizibo, jioni kila mtu anafungua lile boksi la pembeni mwa tela anatoa jiko lake. Malori kama matatu mbele yetu alikuwepo bwana mmoja wa Tanga, utingo wake aliugua homa akabaki Mbeya, kwa hiyo yuko peke yake. Sisi wengine tunasonga ugali na maharage, yeye anapika samaki wa nazi! Tunduma! Nazi amekuja nazo kwenye gunia na mbuzi ya kukunia anayo. Harufu ilivyokuwa inapita pale jioni hata madereva wazima walikuwa wanapitisha salamu ambazo hazikuwa na ulazima.

Mizani alikuwa wa kwanza kupitisha salamu. Kila jioni anakwenda, usiku anarudi ananuka nazi. Hapo ndipo ningejua.

Usiku wa siku ya nne hakurudi. Sikushtuka, paka ni paka. Asubuhi kuchungulia mbele, pale kwa bwana wa Tanga pana lori lingine. Usiku kulisogezwa malori kadhaa, makaratasi yao yalikuwa tayari, na yeye kavuka. Nilitembea foleni nzima naita Mizani, Mizani, watu wanafikiri naulizia mizani ya malori wananielekeza Mpemba ilipo. Mmoja akaniambia kaka umeshaipita. Nikacheka huku machozi yako hapa.

Nilivyorudi mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kabini. Nikafungua mdomo nimwambie, nikakuta sijui naanzaje. Nimwambie nani amwambie? Nikasimama tu. Akaangalia mikono yangu mitupu, akapanda juu akafunga mlango.

Tulivuka baada ya siku mbili. Kuingia Nakonde upande wa Zambia, kupita Isoka, kimya kile cha zamani kimerudi na sasa kimekuwa kizito kwa sababu tulishaonja kingine. Njia ilikuwa mashimo, unakwepa hili unaingia lile. Kuna mahali mzee akaanza, "Mizani, mwambie…" akakata. Akawasha redio, redio haishiki kitu, akaiacha inakwaruza hivyo hivyo kama nusu saa.

Mpika tukalala. Nikaweka laini ya kule, nikafungua grupu la madereva, nikapitisha macho meseji za foleni, za mafuta, mtu anauliza spea, alafu picha. Dashbodi ya lori, tasbihi imening'inia kwenye kioo, na chini yake paka wa kijivu mwenye madoa meupe, sikio la kushoto lina pengo. Lile pengo alilipata Makambako alipopigana na paka wa hotelini, nililipaka dawa mwenyewe. Chini yake imeandikwa, "Ndugu zangu, nimefika Kapiri nikataka kupumzika, kuvuta shuka kumbe nina abiria. Mwenyewe nani?"

Nilipiga kelele mzee akaamka akajua tumeibiwa mafuta. Nikamwonyesha simu. Akaishika karibu, akaiweka mbali, akavaa miwani. Alafu akaniambia mimi, kwa mdomo wake, uso kwa uso, "Mjibu ni wetu."

Wetu.

Bwana wa Tanga akajibu kwamba yeye hawezi kusubiri, mzigo wake una tarehe, anaendelea mpaka Kasumbalesa, mpakani na Kongo, tukimkuta tumemkuta. Kuanzia hapo mzee aliendesha kama sijawahi kumwona. Sio mbio, mbio hana, ila vituo vilikatwa. Chai tunakunywa lori linatembea. Mahali tunapolala saa mbili yeye anaenda mpaka usingizi unamlazimisha.

Usiku Serenje tumeegesha, tumekula mkate na soda, kila mtu anatazama kwake. Mzee akasema, "Kijana, kwenu wapi hasa?"

Nina miezi sita naye.

Nikamwambia Ilula. Akageuka kabisa kwenye siti. "Ilula ipi? Hii yetu ya nyanya?" Ndio mzee. "Barabarani au ndani huko?" Nikamwambia barabarani, ukimaliza matuta ya mwisho kama unaenda Iringa, mkono wa kushoto, pale wanapopanga ndoo za nyanya na vitunguu, nyumba ya pili nyuma ya hao wauzaji. Akanyamaza muda mrefu. Nikasikia anahesabu, anahesabu kweli kwa vidole, tangu nianze kazi tumepita pale mara ngapi kwenda na kurudi. "Na mama yupo?" Yupo. "Na hukusema."

Ningesemaje? Utingo haombi gari lisimame. Kila tukipita pale nilikuwa natoa mkono dirishani, nikibahatika mama yupo kwenye ndoo zake ananiona, anainua kanga, lori limeshapita. Mizani ndiye alikuwa anajua, maana nilikuwa namnyanyua na yeye namwonyesha. Hilo sikumwambia mzee.

Tulimkuta Kasumbalesa. Naye kashikwa na foleni, ya upande wa Kongo safari hii, siku ya tatu yuko palepale. Nikaliona lori kwa mbali nikaruka kabla halijasimama, kosa kubwa hilo utingo halifanyi. Mizani alikuwa dirishani kakaa juu ya kofia ya kiua ya yule bwana. Nilidhani atanirukia. Alinitazama, akapiga miayo, akaangalia pengine. Kanenepa.

Bwana wa Tanga akashuka, akatusalimia salamu za kwao zile ndefu, za safari, za afya, za mzigo, za nyumbani, mpaka mzee wangu asiyesalimia naye ikabidi aitikie zote. Alafu akatoa daftari. Akasema jamani mimi sina ubaya ila biashara ni biashara, akasoma: nauli ya abiria mmoja Tunduma mpaka Kasumbalesa, kwacha 300. Dagaa, kwacha 60. Kulalia kofia ya shehe, hiyo tumesamehe. Jumla 360.

Nilitaka kucheka nikaogopa maana sura ya mzee haikubadilika. Akalichukua lile daftari, akaomba kalamu, akageuza ukurasa akaandika taratibu, akamrudishia. Demareji, ile faini ya kuchelewesha mzigo. Kushikilia paka wa watu siku 8, kwa siku kwacha 50. Jumla 400.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "unadaiwa 40."

Yule bwana alicheka akakaa chini kwenye vumbi. Na mzee akacheka, nikajua leo kumbe ana jino la fedha huku nyuma. Tulikula samaki usiku ule, wa nazi, nazi ya mwisho. Wakati wa kuondoka na Mizani yule bwana alimkuna shingo muda mrefu kidogo, akaniambia, "Utingo wangu hayupo, nimezungumza na huyu toka Kapiri. Kuna mambo mengine nimemwambia, ukikaa naye usimuulize." Hiyo 40 hajalipa mpaka leo. Tukipishana njiani anawasha taa, mzee anamnyooshea vidole vinne, yeye anatoa mikono yote miwili dirishani kuonyesha mitupu, na lori linatembea hivyo, Mungu ndiye anayetulinda.

Kurudi tulirudi tupu, shaba ya kubeba haikupatikana. Bosi huko Dar analia, sisi lori jepesi linakimbia lenyewe. Kabini imerudi kuwa kabini, Mizani kwenye dashbodi, Mizani mwambie kijana anipe maji, Mizani mwambie mzee maji yako hapo pembeni yake. Ile Serenje haikutajwa tena na mie sikuitaja.

Tumepita Iringa kama saa nne asubuhi. Tunaikaribia Ilula, kwa huku tunakotoka nyumbani kunakuwa mkono wa kulia upande wa dereva, nikajua leo hata mkono sitatoa, nitachungulia tu kupitia kwa mzee. Nikasikia gia inashuka. Nikadhani matuta. Indiketa ikawaka, lori likatoka pembeni, breki za upepo zikapiga pssss, tumesimama mkabala na ndoo za nyanya kabisa na vumbi limewafunika wauzaji wote.

Mzee hakunitazama. "Mizani," akasema, "mwambie kijana akamsalimie mama yake. Dakika kumi. Tairi mie nitagonga."

Kugonga tairi ni kazi ya utingo. Lori letu lina tairi 22, unashika spana unagonga moja moja unasikiliza sauti kama lina upepo, toka nimeanza sikuwahi kumwona mzee anagonga hata moja. Nikambeba Mizani kwapani nikavuka barabara. Mama alikuwa anapangusa nyanya, ananiangalia haamini, ananisalimu kwa lugha ya kwetu, kamwene mwanangu, gari limeharibika? Nikamwambia halijaharibika. Akaniweka kwenye kigoda, akamtazama paka, akauliza na huyu ni nani, nikawa namweleza, na huku nyuma namsikia mzee ameanza, dum, dum, dum, anakwenda taratibu upande mmoja, akazunguka upande wa pili. Nikawa nahesabu kwa sikio moja huku naongea, nijue muda wangu. Akafika 22. Nikainuka niage. Alafu nikasikia ameanza tena lile la kwanza.