Silverdome, uwanja uliosimama kwa hewa

Leo tangu jioni kichwani nina Silverdome tu, ule uwanja wa futiboli ya Kimarekani uliokuwa Pontiac, Michigan, naona nisipoandika sitalala.

Ulifunguliwa 1975, ukagharimu kama dola milioni 55.7, timu ya Detroit Lions ikahamia humo, watu kama elfu 80 wanaingia. Kinachonimaliza mimi ni lile paa. Yani kitambaa cha faibaglasi kilichopakwa tefloni, katikati hakuna nguzo hata moja, kinashikiliwa na hewa tu, mafeni yanapuliza muda wote kama mtu anajaza puto, ndo maana milango mingi ilikuwa ile ya kuzunguka ili hewa isitoke. 1985 theluji ikalielemea likachanika, wakaweka lingine.

Na mambo yaliyopita humo jamani! Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, ya Januari 1982, timu ya 49ers ikaipiga Bengals 26-21. 1987 kwenye mieleka Hulk Hogan akamnyanyua lile jitu André the Giant. Halafu Kombe la Dunia 1994, FIFA wanataka nyasi za kweli na mle ndani chini kuna kapeti, basi wataalamu wa Michigan State University wakaotesha nyasi kwenye matrei makubwa ya pembe sita, yakaingizwa na kupangwa moja moja mpaka uwanja wote ukawa kijani, Marekani wakatoka 1-1 na Uswisi, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa ndani. Hilo peke yake lilitosha kuupa uwanja heshima.

Lions wakaondoka baada ya msimu wa 2001. 2009 mji wa Pontiac ukiwa hoi kifedha ukaupiga mnada, ukaenda kwa dola 583,000. Bei ya nyumba! Hapo naumia kabisa. 2013 paa likachanika tena na safari hii hakuna aliyelirudisha, viti vikabaki vinanyeshewa mvua na theluji.

Desemba 3, 2017 wakalipua baruti, vumbi likapanda, likatulia, uwanja huo umesimama palepale! Klipu hiyo nimeirudia sana na kila mara naushangilia. Kesho yake wakalipua tena, ukaanguka.

Sasa hivi pale ni kwa Amazon, ile kampuni ya kuuza vitu mtandaoni. Sawa, watu wanahitaji kazi, Pontiac hasa. Ila natamani kila anayeingia zamu pale aambiwe kwamba ni hapohapo Desemba 1997 Barry Sanders wa Lions alivuka yadi 2,000 za kukimbia na mpira kwa msimu mmoja.