Siku yangu Kibuye: baiskeli ya kupandisha omena Riat

Saa 12:30 asubuhi

Nafika Kibuye, soko letu la Kisumu, kabla mafundi wa masanduku ya bati hawajaanza kugonga. Wakishaanza, husikii simu wala mteja, na mimi saa hii ndiyo ya kufikiria. Baiskeli nzima iko sakafuni, imechorwa kwa chaki kwa ukubwa wake halisi. Zana za kuchorea ni uzi, pima maji na sakafu ya saruji iliyonyooka. Paipu unailaza juu ya mstari, unaona papo hapo itakatwa wapi na kwa pembe gani.

Mwenye kazi ni mama anayenunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga na kuziuza juu mlimani Riat. Alikuja na picha kwenye simu: ile baiskeli ndefu ya Denmark, Long John, mzigo unakaa kati ya usukani na gurudumu la mbele. Nzuri sana, lakini ya Copenhagen, mji tambarare wenye lami kila upande. Hapa ile fimbo inayounganisha usukani na foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, italishwa vumbi la murram kila siku, viungo vilegee, usukani uanze kucheza.

Nikamwambia, mama, tuache picha kwanza, niambie gunia linakaaje. Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Gunia la omena kavu si zito hivyo, ila ni pana na refu. Ukilifunga juu ya keria ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kawaida, linakaa juu sana na nyuma sana, na kwenye mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba. Halafu kuna jambo ambalo wauza baiskeli hawalifikirii: gunia likiwa nyuma, huwezi kurusha mguu kupanda. Mwanamume wa suruali atajipinda apite. Mama wa sketi na leso afanyeje?

Kwa hiyo fremu imeshushwa katikati, anapita kama anayevuka mtaro mdogo, na nyuma imerefushwa. Gurudumu la nyuma nimeweka la inchi 20. Mzigo unashuka, na spoki fupi huvumilia uzito kuliko ndefu. Gia nayo inalegea bila kununua chochote: kwa meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali kwenye gurudumu la inchi 28 hukusukuma kama mita 5.5. Kwenye la inchi 20 ni chini ya mita 4. Kwa Riat, hiyo ni zawadi.

Saa 2:00 asubuhi

Kijana ninayemfundisha anakuja na chai na mandazi. Namkabidhi rimu, habu ya katikati na spoki 36, namwachia asuke gurudumu. Mkono wake wa spoki umeshakuwa mwepesi kuliko wangu, ingawa simwambii.

Saa 3:00 asubuhi

Kulehemu. Wengi hapa wanachomelea fremu kwa stima, na kwa geti au kitanda sina neno. Lakini paipu ya baiskeli ina unene wa milimita moja hivi. Ukizubaa unatoboa, na usipotoboa unaacha chuma kigumu kandokando ya kiungo, ambacho kitapasuka siku ya mzigo. Natumia gesi na kijiti cha brasi. Paipu zenyewe ni za Black Mamba zilizozeeka, nanunua kwa kilo kwa watu wa skrepu. Zile paipu mpya za viti zinang'aa, ila mshono wake hufunguka. Sizitaki.

Unapaka boraksi, unazungusha moto pande zote. Boraksi inachemka, inatoa povu, kisha inatulia na kuwa kama kioo. Chuma kinafika wekundu, kinaelekea rangi ya chungwa, na hapo unagusisha kijiti. Joto likiwa sawa, brasi haikai palepale. Inakimbia yenyewe kuzunguka kiungo na kuingia ndani ya ufa. Ukiona moshi mweupe umepitiliza, ni zinki inaungua, na usiuvute. Mwanafunzi mzuri unamjua hapa: anatazama rangi ya chuma, hatazami moto.

Saa 5:20

Stima imepotea. Grainda kimya, tupa mkononi.

Saa 7:00 mchana

Ugali, sukuma na omena, ndiyo, hata leo. Mzee mmoja aliyeendesha boda za baiskeli enzi zake anakaa nasi. Anapenda kuwakumbusha vijana wa pikipiki kwamba jina lenyewe la boda lilianza na baiskeli, kule mpakani Busia. Anaikagua fremu, anauliza, "Fundi, breki?"

Swali la mzee. Kupanda Riat ni jasho tu. Kushuka ndiko kwenye hospitali. Breki za fimbo kwenye rimu iliyolowa hazishiki. Ya kukanyaga pedali kinyumenyume ni imara mjini, lakini mteremko mrefu huchemsha grisi ya habu. Nimeweka breki ya disku ya milimita 160, ya waya, si ya mafuta, kwa sababu waya unapatikana duka lolote.

Saa 8:30

Kijana mwingine, mteja, anataka mota ya wati 250 kwenye baiskeli yake ya alumini. Namweleza kuhusu mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isijizungushe ikapasua foku. Anasema atafikiria. Watu hawapendi kulipia kitu kisichoonekana.

Saa 9:30 alasiri

Uzi, kuona kama fremu imenyooka. Naufunga ncha ya nyuma kushoto, naupitisha mbele ya kichwa cha fremu, naurudisha ncha ya kulia, kisha napima umbali wa uzi hadi paipu ya kiti pande zote mbili. Kushoto milimita 31, kulia 34. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo upindo. Naipinda taratibu kwa gongo, napima tena: 32 na 33. Inatosha. Cheni imekula moja nzima na nusu ya pili.

Saa 11:00 jioni

Mawingu ya ziwani yameshatanda, ila mama amefika na hangoji. Tunafunga mitungi minne ya maji, kilo 80, naiendesha mimi kwanza hadi Kondele na kurudi. Usukani mtulivu, mkia hautingishiki.

Anapanda yeye. Anapita katikati bila kuinua sketi, anazunguka mara mbili kati ya masufuria ya watu, breki, anashuka.

"Kiti kigumu," anasema.

Kiti tutabadilisha. Anataka madigadi pana, kengele, na rangi ya kijani, si ile ya makabati. Na anaitaka kabla ya Jumapili, siku ya soko. Ananitumia nusu ya salio kwa M-Pesa. Nusu nyingine, anasema, ataileta akishaipandisha Riat na gunia. Namwambia sawa, mama, ila Jumamosi aje na gunia lenyewe tupime kamba. Mvua inaanza, tunaingiza mitungi ya gesi.